Ardhi Mbaya kwa Nani?

Hotuba hii ilitolewa Nairobi mbele ya mkutano wa walimu wa Jiografia wa shule za upili. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu waliokosa nafasi ya kuhudhuria. Picha zilizoonyeshwa ukumbini zimeachwa.

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu mliostaafu lakini mkakataa kupumzika, na nyinyi wanafunzi wa ualimu mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: itifaki zote zimezingatiwa, nami naomba niingie moja kwa moja katika jambo lililonileta.

Kila mwaka tunaingia darasani na kufundisha juu ya nchi ile iliyokatwakatwa na maji hadi ikabaki vilima vikali vya udongo, makorongo yasiyohesabika, na mimea michache sana au hakuna kabisa. Vitabu vinaiita kwa neno la Kiingereza, "badlands", na sisi, kwa haraka ya kumaliza silabasi, tunalifasiri kuwa "ardhi mbaya" kisha tunafungua ukurasa unaofuata. Leo nataka tukae katika ukurasa huo. Nataka tuulize: ni mbaya kwa nani? Ni nani aliyesema kuwa ni mbaya, na alikuwa anakwenda wapi alipoyasema hayo?

Tuanze na huyo aliyesema. Neno hilo lina makao yake katika nyanda za Marekani, katika jimbo ambalo leo linaitwa South Dakota. Walakota, wenyeji wa nyanda hizo, waliita sehemu hiyo mako sica, yaani ardhi iliyo mbaya. Baadaye wakaja Wafaransa waliowinda na kununua ngozi za wanyama, nao wakaieleza kwa maneno marefu kidogo: ardhi mbaya za kuvuka. Sikilizeni neno hilo la mwisho, walimu wenzangu. Za kuvuka! Mfaransa yule hakuwa na nia ya kulima pale, wala kuishi, wala kuzika wazee wake. Alikuwa na mizigo, alikuwa na njia ndefu, na mbele yake kulikuwa na udongo ambao ukilowa unateleza na kunata, na ukikauka hauna hata tone la maji ya kunywa. Alilalamika kama msafiri yeyote anavyolalamikia barabara. Wasemaji wa Kiingereza walipolichukua neno, "za kuvuka" ikaanguka njiani, ikabaki "mbaya" peke yake, na wanajiografia wakalitandaza juu ya kila nchi ya namna hiyo duniani, kutoka Alberta nchini Canada hadi kwetu Turkana.

Msidhani kwamba sisi wa pwani na bara hatuna hatia ya aina hiyo. Misafara iliyotoka Mombasa kuelekea bara ililazimika kupita katika vichaka vya Taru, ambako maji yalikuwa adimu, na nchi yote ile ikaitwa nyika. Hadi hapo hakuna ubaya, kwa kuwa nyika ni nyika. Lakini jina likahama kutoka kwenye ardhi likawakalia watu, na jamii tisa zilizoishi nyuma ya pwani zikaitwa Wanyika na majirani zao, kisha na wamisionari, kisha na serikali ya kikoloni. Ilipofika miaka ya 1940 wenyewe walikuwa wamelichoka, wakajiita Mijikenda. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji akabatizwa jina asilolitaka.

Sasa, kabla hatujaisamehe au kuihukumu ardhi hii, tujue inavyofanyika, maana wanafunzi wetu wanaweza kuichora bila kuielewa. Inahitaji miamba laini: udongo wa mfinyanzi, matope yaliyogandamana, majivu ya volkano. Inahitaji uchache wa mimea. Na inahitaji mvua ambayo haiji mara kwa mara, lakini ikija inakuja kwa hasira. Udongo wa mfinyanzi wa aina fulani unapolowa huvimba, na matundu yake madogo hujifunga, kwa hiyo maji hayazami, yanatafuta mteremko. Yanachora vijifereji, vijifereji vinaungana kuwa mifereji, mifereji inakuwa makorongo. Jua likirudi udongo unapasuka, na nyufa hizo zinasubiri mvua inayofuata. Pale ambapo udongo una chumvi nyingi ya sodiamu, chembe zake huachana zikilowa, na maji huingia katika nyufa na kuchimba mapango na njia chini kwa chini, hadi siku ambayo dari inaporomoka. Kule South Dakota vilima hupungua kwa takriban sentimita 2.5 kila mwaka. Kwa kipimo cha milima hiyo ni mbio. Mtoto akizaliwa leo, akifika umri wangu, atakuta zaidi ya mita moja na nusu imekwenda na maji.

Na je, hapo aliyeharibu ni nani? Hakuna. Mmomonyoko wa pale ulianza takriban miaka 500,000 iliyopita, kabla ya jembe, kabla ya ng'ombe wa kufugwa. Hili ni jambo la kwanza ambalo naomba tulibebe kutoka ukumbi huu: kuna ardhi iliyokatwa na umri, na kuna ardhi iliyokatwa na sisi, na kwa macho ya mpita njia zote mbili zinafanana. Zinafanana! Lakini ya kwanza ukiijaza matuta na miche utakuwa umepoteza fedha za wafadhili na labda umeharibu kitu cha thamani. Ya pili ukiiacha kwa kusema "ndivyo ilivyoumbwa", utakuwa umewatelekeza watu.

Nimesema kitu cha thamani. Mwaka 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana, kikosi cha watafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kilikuwa kimepiga kambi kando ya mto wa mchanga uitwao Nariokotome. Mkuu wa kikosi hicho alikuwa Kamoya Kimeu, mwana wa Ukambani ambaye hakupata masomo mengi ya darasani, na ambaye alianza kazi hiyo mwaka 1960 huko Oldupai, Tanzania, akiwa kibarua wa kuchimba. Ilikuwa siku ya mapumziko. Wenzake wanafua nguo, wanaandika barua. Kamoya anavuka mto mkavu na kutembea kwenye mteremko uliojaa kokoto nyeusi. Pale, kati ya kokoto nyeusi, akaona kipande kidogo cha mfupa ambacho nacho kilikuwa na rangi ya kiza. Nauliza: mimi na wewe tungekiona? Mimi nimekaa na mawe maisha yangu yote, na nawaambia nisingekiona. Kilikuwa kipande cha fuvu. Kazi ya kuchimba iliyofuata ilitoa sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana mmoja aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, tunayemwita Kijana wa Turkana, mojawapo ya mifupa iliyokamilika zaidi ya mababu wa binadamu kuwahi kupatikana. Yupo hapa hapa mjini, katika Makumbusho ya Taifa. Kamoya alikwenda Washington mwaka 1985 kupokea nishani mikononi mwa Rais Reagan, na alifariki mwaka 2022.

Kwa nini nasimulia kisa hiki kwa walimu wa jiografia na si kwa walimu wa historia? Kwa sababu aliyemfukua Kijana wa Turkana kabla ya Kamoya ni mmomonyoko. Wanadamu walikuja mwisho na brashi zao. Mvua ndiyo iliyoondoa tabaka juu ya tabaka, na upara wa ardhi ile, ule ule tunaouita ubaya, ndio uliowezesha jicho la Kamoya kufika kwenye mfupa. Hebu fikirini kama mteremko ule ungekuwa na msitu, au shamba zuri la chai: Kijana angekuwa bado amelala, na sisi tusingejua. Ndivyo ilivyo Koobi Fora, ng'ambo ya pili ya ziwa. Ndivyo ilivyo Oldupai, ambako Mary Leakey aliliona fuvu mashuhuri mwaka 1959. Ndivyo ilivyo Olorgesailie, ambako mashoka ya mawe yamelala juu ya ardhi nyeupe, kwa wingi wa kushangaza, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka ukumbi huu. Lakini mvua ile ile inayofunua ndiyo inayosaga. Mfupa ukishatokeza juu, hauna miaka mingi kabla ya kuvunjika na kuchukuliwa na maji, na ndiyo maana watafutaji hurudi mahali pale pale msimu baada ya msimu.

Nitapita haraka Marafa, kule Kilifi, kwa kuwa wengi wenu mmeshapeleka wanafunzi. Wagiriama huliita bonde lile Nyari, na huelezwa kuwa maana yake ni mahali palipojivunja penyewe. Kisa cha wenyeji kinasimulia ukoo tajiri uliooga kwa maziwa ilhali majirani wana njaa, hata Mungu akaudidimiza. Weupe wa kuta ni maziwa, wekundu ni damu. Mwalimu asikicheke kisa hicho. Wenyeji wa Marafa waliona kwamba pale palikuwa juu pakashuka, na kwamba rangi zinatofautiana kwa matabaka, nao wakatoa sababu. Hiyo ni nusu ya jiografia.

Sasa tuje kwenye ardhi tuliyoikata sisi, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo neno "mbaya" linapogharimu watu.

Katika miaka ya 1930 maafisa wa serikali ya kikoloni walitembelea vilima vya Machakos wakatoka na taarifa za kutisha. Waliandika juu ya nchi inayogeuka kuwa jangwa la mawe na mchanga, na juu ya watu wanaotumbukia katika umaskini usio na tumaini. Je, walidanganya? Hapana. Makorongo yalikuwepo, na picha zipo. Walichokosea ni sababu. Walisema ng'ombe ni wengi mno na mwenyewe hajui kutunza. Hawakuandika kwa herufi kubwa kwamba Wakamba walikuwa wamebanwa ndani ya mipaka ya hifadhi, yaani maeneo ambayo serikali ya kikoloni iliwatengea Waafrika, kwamba vilima vizuri vilikuwa vimegawiwa walowezi, na kwamba malisho ya Yatta waliyoyazoea hayakuwa tena wazi kwao. Ukimbana mtu na mifugo yake katika kipande kimoja cha mteremko, kisha ukamlaumu kwa kuchakaa kwa mteremko, hapo umefanya jiografia au umefanya siasa?

Mwaka 1938 ikaja amri ya kupunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa, wakapigwa mnada kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama kilikuwa tayari kimefunguliwa Athi River kikiwasubiri. Wakamba hawakukaa kimya. Mwezi Julai maelfu, wanaume kwa wanawake na watoto, walikuja Nairobi na kupiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa, wakitaka kumwona gavana. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Ninyi mnaonunua maua pale Soko la Jiji, mnaopumzika Jeevanjee, mnaipita barabara yenye jina lake kila siku. Ni wangapi wanajua kwamba jina lile liko pale kwa sababu ya ng'ombe na mmomonyoko wa udongo? Alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali ililegeza, na mnada wa nguvu ukakoma.

Kisa hakikuishia hapo, na kinachofuata ndicho ninachokipenda zaidi. Vilima vile vile vilivyohukumiwa kufa, vitazameni leo mkishuka kutoka Machakos mjini: ngazi juu ya ngazi za matuta. Mengine yalianza kwa kulazimishwa miaka ya 1940 na 1950, na watu waliyachukia kwa sababu ya kulazimishwa. Lakini baada ya uhuru waliendelea kuyachimba kwa hiari, wengi wao wakiwa wanawake katika vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, kwa mtindo ambao jina lake ni la Kiswahili na limeenea katika vitabu vya dunia nzima: fanya juu. Unachimba mtaro kwa kuufuata usawa wa mlima, unatupa udongo upande wa juu, unapanda nyasi za ng'ombe kwenye tuta. Huhitaji tingatinga. Kila mvua inaleta udongo na kuulaza nyuma ya tuta, na baada ya miaka michache shamba limejisawazisha lenyewe. Maji yaliyokuwa mwizi yamekuwa kibarua. Tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu wa wilaya ile ya zamani waliongezeka mara tano au zaidi, na mmomonyoko ulipungua. Rudieni sentensi hiyo darasani polepole: watu waliongezeka, mmomonyoko ulipungua. Haikuwa miujiza. Kahawa ilipata bei na ilihitaji matuta. Mboga na matunda vilipata soko hapa Nairobi. Mishahara ya mjini ilirudi kijijini ikanunua majembe na kulipa vibarua. Mtu hujenga tuta kwenye ardhi anayoamini kwamba kesho bado itakuwa yake.

Jirani zetu wa Kondoa, Tanzania, walipita njia nyingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka zaidi. Majani yakarudi, miti ikarudi. Ni kweli, na asiyekubali akatembelee. Lakini ni kweli pia kwamba waliobeba gharama ni familia zilizoondolewa ng'ombe, na kwamba baadaye ilibidi njia ya kufugia zizini iruhusiwe ili maziwa na samadi virudi nyumbani. Kati ya njia hizi mbili mimi naelemea ile ya Machakos, lakini mwalimu aliyeishi Kondoa ana haki ya kunipinga.

Nina kisa kimoja kifupi kuhusu hatari ya kukosea sababu, na hiki mlikishuhudia wenyewe. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Suswa, katika barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Barabara ikakatika, na picha zikazunguka dunia zikiwa na habari kwamba bara la Afrika linagawanyika mbele ya macho yetu. Habari tamu! Bonde la Ufa kweli linapanuka, ila kwa milimita chache kwa mwaka, na halina haraka ya kuingia kwenye taarifa ya saa moja. Wanajiolojia wengi waliochunguza pale walionyesha jambo la kawaida zaidi: majivu ya volkano yaliyolegea, maji yanayopita chini kwa chini, dari inayoporomoka. Yaani lile jambo la mapango ya chini nililolieleza mwanzo. Tofauti ni kubwa, maana kama ni bara linalogawanyika, hakuna la kufanya ila kutazama. Kama ni maji ya mvua, basi tunaweza kuuliza yanatoka wapi, mteremko wa juu umebaki na nyasi gani, na kalavati za barabara zinayamwaga wapi.

Serikali huru nayo haikukwepa mtego wa jina. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua, kwa hoja kwamba huko zitazaa haraka. Zaidi ya asilimia 80 ya nchi yetu ni kame au nusu kame. Si yote iliyomomonyoka, hata kidogo, lakini yote iliwekwa katika kapu moja la "isiyo nzuri", na tumeishi na matokeo ya hesabu hiyo.

Na sisi wa Nairobi je? Tunadhani makorongo ni mambo ya vijijini. Mchanga uliojenga ghorofa za mji huu umetoka kwa wingi katika mito ya Machakos na Makueni. Mito ile kwa miezi mingi haina maji ya kuonekana. Maji yamo ndani ya mchanga, na akina mama huyafuata kwa kuchimba. Lori likiondoa mchanga, kwanza maji yanakwenda. Pili, sakafu ya mto inashuka, na kila kijito kinachoingia mtoni kinalazimika nacho kushuka, kwa hiyo kinaanza kula ardhi kwa kurudi nyuma, kuelekea mashambani, kuelekea shuleni, hadi kwenye nguzo za daraja. Korongo linaanzia mtoni na kupanda juu. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kudhibiti mchanga mwaka 2015, na mjini wengi waliisikia tu bei ya mchanga ilipopanda. Hapa hakuna umri wa miaka laki tano wa kusingizia.

Ombi langu kwenu ni dogo. Muhula ujao, mwalimu anayeweza kupata basi la shule awapeleke wanafunzi Olorgesailie kupitia barabara ya Magadi, asubuhi mapema na maji ya kutosha, kisha siku nyingine awapeleke kwenye mto wowote wa Ukambani unaochimbwa mchanga. Asiwaambie ipi imekatwa na umri na ipi imekatwa na watu. Awape daftari, awaache watazame kingo, mizizi iliyobaki hewani, rangi za matabaka, alama za magurudumu, na waandike wanachodhani na kwa nini. Wakikosea, warudi tena.

Asanteni sana kwa kunivumilia. Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nitapokea maswali sasa, nikianza na mwalimu wa kutoka mji wa Wote, kule Makueni, ambaye ameinua mkono tangu nilipotaja mchanga.